NYUMBA IKIPEWA BWANA MPYA, MPANGAJI ASIUZWE PAMOJA NA MLANGO



Leo twataka kusema nanyi habari ya nyumba. Si nyumba ya tajiri yenye ukuta na mlinzi, bali ile ya vyumba viwili au vitatu, isiyo yako, nawe umekaa humo miaka kumi, ishirini, thelathini. Ni nyumba ya Leta, au ya komine, au ya sosiete. Watoto wako walizaliwa humo, matanga ya baba yako yalikaliwa humo, na mwembe ulio mlangoni uliupanda wewe. Kisha asubuhi moja mtu usiyemjua anapiga hodi. Mkononi ana karatasi yenye muhuri. Anasema: "Tangu leo mwenye nyumba ni mimi. Kodi utanilipa mimi. Bei imepanda. Ukiona haikufai, njia ile pale."

Wengi wetu tukisikia maneno hayo twatetemeka, twauliza jambo moja tu: "Nitoke lini?" Sisi twasema, hilo si swali la kwanza. Hilo ni swali la mwisho. Kabla yake yako maswali saba, na asiyeyauliza atatolewa nyumbani na hali haki yake ilikuwa imelala karibu naye.

Hapa Luvungi hatuna majumba ya ghorofa. Tuko katika bonde la Ruzizi, kati ya Bukavu na Uvira, na magari ya juu na ya chini hupita mbele yetu. Kwa hiyo twasikia mengi. Anashuka mzee aliyechimba dhahabu Kamituga, anashuka kijana wa Bagira, anapanda mama ambaye mumewe alikata miwa Kiliba. Kila mmoja ana lugha ya kwao, lakini kilio ni kimoja: nyumba tuliyokaa imebadili bwana, na sisi hatukuulizwa.

Mmoja wa wazee hao alitufungulia kopo la bati. Ndani yake mlikuwa na vikaratasi vya mshahara, vimegeuka rangi kama majani makavu ya mgomba. Akasema: "Tazama. Mshahara ulikuwa mdogo kwa sababu nyumba ilihesabiwa ndani yake. Leo waniambia nyumba hii sikuilipa?" Hatukuwa na la kumjibu siku ile. Maneno ya leo ndiyo jibu letu.

KAMBA YA MKOLONI

Yatupasa tuanze na asili ya mambo. Mkoloni hakumjengea mfanyakazi nyumba kwa sababu ya huruma. Huko Katanga, Union Minière ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi na wake zao katika kambi zake, kwa kuwa iliona hasara ya kuleta watu wapya kila mara kutoka mbali. Huku Kivu sosiete ya mashimo ya Maziwa Makubwa, ile MGL, ilifanya vivyo hivyo Kamituga na kwingineko. Mtu alipewa kazi, posho na nyumba, vitu vitatu katika fungu moja. Siku kazi inapokwisha, posho imekwisha na nyumba imekwisha. Nyumba ilikuwa kamba. Aliyetaka kugoma alimtazama mkewe na watoto, akajua kwamba akifungua mdomo watalala njiani.

Nao walisema nyumba ni ya bure. Uongo! Hakuna nyumba ya bure duniani. Kodi yake ilikatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Mchimbaji aliilipa kwa jasho lake kila siku aliyoshuka shimoni, ila hakupewa risiti.

Mijini walitumia njia nyingine. Kwa amri ya tarehe 30 Machi 1952 Wabelgiji walianzisha Ofisi ya Site za Waafrika, ile tuliyoizoea kwa jina la OCA. Bagira ya Bukavu ni kazi yake, na Ngagara ya Bujumbura, na Matete na Bandalungwa za Kinshasa. Nyumba zilikuwa imara, hatukatai. Nyingine ziliuzwa kwa malipo ya polepole, nyingine zikapangishwa. Lakini katika kikao kilichoamua nani akae wapi, na alipe kiasi gani, na aondolewe kwa kosa gani, mpangaji Mwafrika hakuwa na kiti. Walikata urefu wa kitanda chetu bila kutuuliza urefu wa miguu yetu.

UHURU ULIPOFIKA, MLANGO ULIFUNGULIWA UPANDE MMOJA

Tarehe 30 Juni 1960 tulipata uhuru. Bendera ilibadilika. Nyumba je? Leta mpya ilirithi nyumba za Leta ya zamani, na daftari ya wapangaji ikahamishwa kutoka kabati moja mpaka kabati lingine. Kazi ya OCA ikapita baadaye kwa ofisi nyingine, ile ya ONL. Mpangaji aliendelea kulipa, ila paa lilianza kuvuja na fundi hakuja tena.

Kisha ikaja tarehe 30 Novemba 1973. Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba na mali nyingi za wageni zitakabidhiwa wazalendo. Watu walishangilia, na sisi hatuwacheki, kwa maana neno lenyewe lilikuwa tamu. Lakini waliopewa walikuwa nani? Walikuwa wakubwa na jamaa za wakubwa. Tukawaita akereri. Wengi wao walikula mtaji, wakauza vilivyomo, wakaacha kuta. Mwaka 1976 serikali yenyewe ilikuwa imekwisha kurudi nyuma, ikiwaita wenyewe wa zamani waje kuchukua mali zao.

Somo la mambo hayo ni moja, na kila mwana wa uhuru alishike: rangi ya bwana haitoshi. Bwana mweusi aliyepewa nyumba bila masharti si bora kuliko bwana mweupe aliyeichukua bila ruhusa. Sisi tulipigania uhuru ili mwenye kukaa awe na sauti. Hatukuupigania ili mwenye kukusanya kodi abadilishe kofia.

WAFANYAKAZI WALIOPITISHWA MKONO KWA MKONO

Wachimbaji wa Kivu na Maniema wanalijua jambo hili kuliko watu wote. Mwaka 1976 sosiete nyingi za mashimo ziliunganishwa, ikazaliwa SOMINKI. Bei ya bati ilipoanguka katika 1985, SOMINKI ikaugua. Mwaka 1996 Banro ya Kanada ikanunua hisa zake. Mwaka 1997 SOMINKI ikavunjwa, ikaja SAKIMA. Mwaka 1998 serikali ya Rais Laurent-Désiré Kabila ikamnyang'anya Banro, ikaunda SOMICO. Mwaka 2002 wakapatana tena: dhahabu ikarudi kwa Banro, bati ikabaki kwa SAKIMA chini ya Leta.

Hesabuni majina hayo, ndugu. Katika miaka sita tu mchimbaji aliyelala katika kitanda kile kile, katika nyumba ile ile ya kambi, alibadilishiwa bwana mara tatu au nne. Kila aliyekuja alidai mashimo, mitambo na ramani. Lakini ulipoulizwa mshahara uliobaki na hesabu ya mwisho ya wazee, kila mmoja alinyosha kidole kwa mwenzake. Madai ya wazee wa SOMINKI yalivutwa mwaka baada ya mwaka, na wengi wamekufa wakiyasubiri. Mali ilipata mwenyewe upesi, deni likabaki yatima.

Hiyo ndiyo hatari ya nyumba pia. Bwana mpya hupenda kurithi kodi. Hapendi kurithi wajibu. Atakuambia: "Garanti uliyolipa zamani siijui. Ahadi uliyopewa zamani siijui. Bomba lililopasuka lilipasuka kabla yangu." Basi na sisi tujifunze kumjibu: "Ukirithi ng'ombe umerithi na kupe wake."

WASEMAVYO WAPINZANI WETU

Wako watu watakaosema kwamba twachochea. Watasema: "Leta haina feza. Komine haina hata rangi ya kupaka mlango wa ofisi yake. Kodi mnayolipa ni ndogo, haitoshi kununua bati kumi za paa. Afadhali nyumba zipewe mtu mwenye mtaji, azitengeneze." Neno hilo lina ukweli ndani yake, nasi hatutalikimbia.

Tazama ndugu zetu wa Tanzania. Mwaka 1971, kwa sheria ya kutaifisha majumba, serikali ya Mwalimu Nyerere ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, ikaziweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili naye akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962. Mpangaji wa Dar es Salaam akabadili bwana mara mbili katika miaka ishirini, na kila mara ilikuwa kwa sheria inayosomeka, yenye ofisi inayojulikana. Hata hivyo kodi zilibaki chini sana kwa muda mrefu, majumba yakachakaa, ngazi zikavunjika, mabomba yakaoza. Kwa hiyo tusidanganyane: kodi isiyotosha kununua misumari ni paa linaloanguka polepole. Mpangaji anayetaka nyumba nzuri lazima akubali kuzungumza habari ya kodi ya haki.

Lakini hapo ndipo twapowaambia wapinzani wetu: mmesema nusu. Kama bwana mpya anakuja kutengeneza, basi aandike atatengeneza nini, mwaka gani, na kwa feza ya nani. Kama hawezi kuandika, hakuja kutengeneza. Amekuja kukamua.

Watazameni na ndugu wa mashimo ya shaba ya Zambia. Mwaka 1996 serikali ya Rais Chiluba iliamuru nyumba za mabaraza ya miji ziuzwe kwa waliokaa humo. Kisha, mashimo ya Leta yalipouzwa kwa wageni, nyumba za ZCCM nazo zikauzwa kwa wachimbaji, na bei ikakatwa katika malipo yao ya mwisho wa kazi. Twakubali kwamba hii ni bora kuliko kufukuzwa: aliyekuwa mpangaji alipata cheti, na leo kuna wajukuu wanaolala chini ya paa la babu. Lakini sosiete ya zamani ndiyo iliyofagia barabara za kambi, ikaondoa takataka, ikatengeneza mifereji. Mabwana wapya wa mashimo walisema kazi hiyo si yao. Mabaraza ya miji nayo yalikuwa yamekwisha poteza kodi za nyumba, yakawa hayana kitu. Wengine waliopata nyumba hawakupata feza ya kula, wakaiuza kwa bei ya kutupa. Mtu alipewa kuta nne, na kila kilichozunguka kuta hizo kikabaki bila mwenyewe.

Na katika Kenya, Nairobi na Mombasa, mabaraza yalitoa nyumba za zamani za Pangani na Buxton, mmoja tangu 2020 na mwingine tangu 2021, ili wenye mtaji wabomoe na kujenga ghorofa. Wapangaji wa zamani walipewa feza ya kuhamia na ahadi ya kutangulizwa nyumba mpya zikiisha. Wengine walishukuru, wengine walikwenda mahakamani. Sisi twachukua somo moja: ahadi ya kurudi ina thamani tu ikiwa imeandikwa pamoja na bei. Ukiambiwa "utarudi wa kwanza", uliza "kwa kodi gani?" Mlango ulio wazi kwa bei usiyoiweza ni mlango uliofungwa.

MASWALI SABA YA MPANGAJI

Basi sikieni. Siku atakapokuja mtu na karatasi, msimpige, msimtukane, wala msimpigie magoti. Mpeni kiti. Kisha mwulizeni haya.

La kwanza: karatasi yako ni ipi? Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 udongo wote wa Kongo ni mali ya Leta, na haki ya mtu juu ya parsele yathibitishwa na sertifika ya kuandikishwa, itokayo kwa konservateri wa vyeti vya ardhi. Barua ya mkubwa si sertifika. Picha ya karatasi katika simu si sertifika. Na ikiwa nyumba ilikuwa mali ya umma, yapasa kuwe na uamuzi wa serikali wa kuitoa kwanza katika mali ya umma. Uliza uamuzi huo, na tarehe yake, na aliyetia sahihi. Tena msikawie! Sertifika ikikwisha maliza miaka miwili, kuiangusha ni kazi ngumu mno. Wajanja wanalijua hilo, ndiyo maana hununua kimya kimya na kujitokeza wakiwa wamechelewa kwa makusudi.

La pili: kontra yangu itakuwaje? Sheria ya kontra ya mwaka 1888, ambayo Wabelgiji walituachia, yasema kwamba mwenye kununua nyumba hawezi kumfukuza mpangaji mwenye kontra yenye tarehe ya hakika, isipokuwa kontra yenyewe ilimpa ruhusa hiyo. Tazameni kejeli: sheria ya mkoloni inampa mpangaji ngao ambayo wazalendo wengine wanataka kumvua! Lakini ngao hiyo ni ya mwenye karatasi. Asiye na kontra iliyoandikwa na kupigwa muhuri mbele ya ofisi ya Habitat, aitafute sasa, wala asingoje hodi ya mlangoni.

La tatu: kodi na garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha yasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Anayekudai miezi sita au kumi anavunja sheria, hata kama kila mtu mjini anafanya hivyo. Na ile garanti uliyompa bwana wa zamani iko wapi? Je, amemkabidhi bwana mpya? Neno hilo liandikwe kabla hamjalipa franka moja, la sivyo mtalipa garanti mbili kwa mlango mmoja.

La nne: nani atatengeneza? Bukavu tunajua mvua inavyokata vilima, na Kadutu udongo umeshuka na nyumba mara nyingi. Paa, choo, bomba, mfereji, ukuta wa kuzuia udongo: kila kimoja kipate jina la mwenye kukitengeneza. Kitu kisichotajwa katika karatasi kitakuwa kazi ya mpangaji.

La tano: je, mimi niliyekaa naweza kununua kwanza? Hili ndilo swali lao wasilolipenda. Ikiwa Leta au sosiete imeamua kuuza, kwa nini auziwe mgeni mwenye gari badala ya mama aliyelipa miaka ishirini? Kwa nini bei aijue mgeni, na aliyemo ndani asiijue? Twadai neno hili liwe kanuni: aliyemo aulizwe kwanza, kwa bei ya wazi, na malipo ya polepole, na yale aliyoyalipa miaka yote, hata kwa kukatwa mshahara, yahesabiwe.

La sita: wazee, wajane na waliopoteza kazi watakwenda wapi? Nyumba ya kambi ilifungwa na kazi. Kazi imekufa, mume amekufa, shimo limefungwa. Bwana mpya atamwambia mjane: "Wewe si mfanyakazi." Lakini ni nani aliyempikia mfanyakazi huyo miaka thelathini ili aweze kushuka shimoni? Mjane huyo alifanya kazi katika sosiete bila kuandikwa katika kitabu. Asiguswe mpaka amepewa mahali pengine.

La saba: vitu vya wote ni vya nani? Bomba la maji la kona, shule, dispensari, uwanja wa mpira, njia ya kwenda makaburini. Mara nyingi nyumba huuzwa pamoja na vitu hivi bila kutajwa, na siku moja mtakuta uwanja wa watoto umezungushiwa miti na waya. Ombeni ramani. Mwekeni alama kila kitu cha wote, mkipige sahihi pamoja.

ULIZENI KURA

Tena liko neno la nane, lililo kubwa kuliko yote: mlituuliza?

Watu hudhani kwamba kumwuliza mpangaji ni ndoto. Si ndoto. Uingereza, tangu sheria ya 1988, mabaraza mengi ya miji yamehamisha nyumba zao kwa vyama vya nyumba, na desturi imekuwa wapangaji wapige kura kwanza. Mwaka 2002 wapangaji wa Glasgow walipiga kura, wengi wakakubali, na mwaka 2003 nyumba zipatazo 80,000 zikahamia kwa bwana mpya. Mwaka huo huo wa 2002 wapangaji wa Birmingham waliulizwa, wakasema hapana, na baraza likabaki na nyumba zake. Hawakukata panga, hawakuchoma gari. Walitia karatasi sandukuni. Hao ni watu wenye mikono miwili kama sisi. Ikiwa mpangaji wa Birmingham ana akili ya kuamua juu ya paa lake, mpangaji wa Bagira na wa Kamituga anayo pia.

Wakubwa watasema watu wetu hawajakomaa. Neno hilo tulilisikia kabla ya 1960, kutoka midomo mingine. Hatukulikubali siku zile, hatutalikubali leo.

VITA HAIFUTI HAKI

Hatuwezi kufunga maneno haya bila kutaja vita, maana kwetu bwana mpya mara nyingi huja na bunduki. Ilikuwa hivyo 1996, ikawa hivyo 1998. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa M23. Desemba 2025 mapigano yalishuka bonde la Ruzizi, na watu wengi wa Kamanyola na Luvungi wakakimbia, wengine wakavuka mpaka na godoro kichwani. Anayekimbia hachukui nyumba. Anachukua mtoto, sufuria, na kama ana akili, anachukua karatasi zake.

Twasema wazi: mtu aliyekimbia risasi hakuiacha nyumba yake. Kukimbia si kuuza. Aliyekuta mlango wazi hakununua. Mtawala yeyote, wa bendera yoyote, anayegawa funguo za waliokimbia anafanya lile lile la 1973, tena mbaya zaidi, kwa kuwa wa 1973 walau walitangaza katika redio.

MFANYE NINI SASA

Msingoje kiongozi kutoka Kinshasa. Kila avenyu iketi. Wapangaji wachague watu watano, na kati yao wawe wanawake, maana wao ndio wanaojua nyumba ina ufa wapi. Andikeni daftari: jina la mkaaji, mwaka aliouingia, kodi anayolipa, garanti aliyotoa, alichokijenga au kukitengeneza kwa feza yake. Risiti zote zikusanywe, zipigwe picha, nakala ziwekwe mahali pawili.

Endeleeni kulipa kodi. Wako watakaowaambia msilipe. Msiwafuate, kwani mwenye kuacha kulipa anampa adui panga. Lipeni, lakini kwa risiti. Wakija mabwana wawili, kila mmoja akidai, msimlipe mwenye sauti kubwa. Waandikieni wote wawili barua moja, peni nakala kwa ofisi ya Habitat, na ulizeni tribinali ya amani feza iwekwe wapi mpaka mwenye haki ajulikane. Hivyo hakuna atakayesema hamkulipa.

Msitie sahihi mmoja mmoja. Bwana mpya mwenye hila haanzi na mkutano. Huanza na mjane, usiku, na elfu chache za franka na kalamu. Kila karatasi isomwe mbele ya wote, kwa Kiswahili, na asiyejua kusoma asomewe mara mbili.

Ninyi wafanyakazi wa mashimo, siku sosiete itakapouzwa tena, maana itauzwa tena, msikubali sindika yenu izungumze mshahara peke yake na kuacha nyumba nje ya meza. Mshahara na nyumba vilifungwa pamoja na mkoloni. Basi na vihesabiwe pamoja siku ya kufunguliwa.

Nanyi mnaokaa katika ofisi za Leta, mnaotia muhuri, twawaambia bila woga: nyumba hizi mmezikuta. Hamkuzijenga, hamkuzilipia. Mmekabidhiwa kuzilinda kama mchungaji anavyokabidhiwa kundi. Mchungaji anayeuza mbuzi wa watu usiku hana jina lingine katika Kiswahili ila mwizi.

Ndugu, yule mzee wa kopo la bati alipanda gari lake akaenda. Kopo alilishika kifuani. Hana sertifika, hana wakili, ana vikaratasi vya mshahara tu. Lakini wakikaa pamoja wazee hamsini wenye makopo hamsini, hiyo ni daftari, na daftari hiyo ni kesi ambayo hakuna bwana mpya atakayeifagia kwa mguu.

Nyumba yaweza kubadili bwana. Mkaaji hauzwi. Kaeni pamoja, andikeni, ulizeni, na msitoke kabla hamjajibiwa.

Uhuru na umoja!